Plau za Bilali na Wanawe

Mwaija alikuwa amechuchumaa kwenye karakana ya marehemu baba yake, Bilali, mtaani Igogo, akigonga bamba la plau kwa nyundo ya ratili mbili. Kaka yake Abeid aliingia na wateja watatu kutoka Kamanga, akaanza kuwasimulia historia ya kiwanda. Ilikuwa mwaka 1958. Alipofika pale pa kusema, "Umbo hili nililibuni mwenyewe," plau kumi na mbili zilizopangwa ukutani ziligeuka zikampa mgongo. Wateja walisubiri vibarua wazigeuze tena, kisha wakachagua mbili.

Ndivyo ilivyokuwa kila aliposimulia. Abeid hakuwahi kushika nyundo. Mikono yake ilikuwa laini kama andazi, na kazi yake kubwa ilikuwa kunyoosha suruali na kutaja jina la baba. Mwaija ndiye aliyeona kwamba udongo mweusi wa mbugani unanata kwenye plau za Ulaya, akalikunja bamba mpaka udongo ukateleza wenyewe. Abeid aliita hiyo kusaidia. Mwaija alimdharau kutoka moyoni, ila nyundo ilikuwa mkononi mwake, na hilo lilimtosha.

Uhuru ulipokuja, afisa wa biashara, Bwana Antoni, alitangaza kuwa atasajili viwanda vya wenyeji. Atakayeandikwa kuwa mbunifu ndiye atakayekuwa mwenye kiwanda. Abeid alikwisha kuchagua kiwanja Nyamagana, ambako, alisema, mwanamke hatasogelea moto.

Siku ya usajili Abeid alisoma historia ya kurasa nne. Mwaija alitajwa mara moja, akileta chai. Kwenye ukurasa wa pili plau ziligeuka. Kwenye wa tatu zilitoka mlangoni kwa mstari, zikavuka ua, zikasimama nyuma ya Mwaija. Moja ambayo haijapakwa rangi iliegemea goti lake.

"Zinatembea?" aliuliza Bwana Antoni.

"Zimemzoea dada," alisema Abeid. "Ndiye anayezifuta vumbi."

"Bwana Afisa, nimezitengeneza mimi," alisema Mwaija. "Niulize lolote."

Bwana Antoni alimtazama kwa huruma ya mtu mwenye njaa. "Dada yangu, serikali haiandiki ushahidi wa plau. Pilau imeiva?"

Aliandika jina la Abeid, na chini yake akaongeza kuwa bidhaa za kiwanda hiki hujitembeza zenyewe na kupunguza gharama za lori. Alikula sahani mbili.

Siku ya kuhama plau zilikataa kuondoka na Abeid. Alifunga karakana akaziacha uani, na mvua ilikuwa imeanza. Mwaija hakuweza kuzitazama zikiota kutu. Alitangulia, nazo zikamfuata barabarani hadi kiwanda kipya cha Nyamagana, watu wakizipisha.

Langoni bawabu alizihesabu zikiingia, akazikuta zimetimia.

"Shikamoo, mama," alimwambia Mwaija. "Wewe huruhusiwi."

"Marahaba," alisema Mwaija, naye bawabu akafunga lango.