Nukta Isiyo na Mstari

Kampuni kubwa ya mabomba ilipoinunua ile ndogo, mchambuzi alipewa kazi ya kuchora ramani ya mahusiano: kila mfanyakazi nukta, kila anayewasiliana naye mstari. Wenye mistari mingi wangebaki kuviunganisha viwanda viwili. Alikusanya barua pepe za miezi mitatu, kompyuta ikachora.

Pembeni kabisa palikuwa na nukta isiyo na hata mstari mmoja: mtunza stoo wa kiwanda kilichonunuliwa. Huyo alikuwa shangazi yake, aliyemlea tangu darasa la kwanza.

Alijua fika kuwa shangazi haandiki barua pepe. Fundi akikwama humfuata kwenye dirisha la stoo, wakamalizana kwa mdomo. Lakini mchambuzi hakuwa amemwambia mtu kwamba ana ndugu pale, akaogopa kuonekana anabeba watu wake. Akapiga kimya, akatuma ripoti. Baada ya wiki mbili shangazi akaachishwa kazi.

Mwezi haukuisha, mashine mbili zikasimama kwa kukosa vipuri ambavyo hakuna aliyejua viliko. Kikaoni meneja akauliza, "Tangu tuungane, mlikuwa mnamuuliza nani?"

"Mama Stoo," wakajibu mafundi wa pande zote mbili.

Meneja akamgeukia mchambuzi. "Mbona kwenye ramani yako hana hata mstari mmoja?"

Uso ukamwaka moto. "Ilihesabu barua pepe tu. Na mimi nilijua. Ni shangazi yangu, nikanyamaza."

Chumba kizima kikainamia makaratasi.

Jioni alibisha hodi kwa shangazi, akamkuta anakunja nguo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea sana."

Akamweleza yote, hakujitetea. Shangazi akalikunja shati lilelile mara mbili.

"Kumbe ulijua," akasema. "Na mimi nazunguka kwa majirani nawaambia, mwanangu angejua angeniambia."

Mchambuzi akatamani ardhi impasukie. "Wanataka urudi. Meneja atakupigia."

"Nitarudi, kazi naipenda. Ila wewe leo nenda nyumbani. Nikiwa tayari kuongea nitakuita."

Jumatatu shangazi alirudi stoo, na mchambuzi akaanza upya, safari hii kwa daftari, akimuuliza kila mfanyakazi anamtegemea nani. Hadi saa sita alikuwa ameandika "Mama Stoo" mara kumi na tisa. Dirishani kwenyewe hakufika, maana alikuwa bado hajaitwa. Alimtuma mwenzake akamhoji shangazi, yeye akasubiri koridoni, macho chini, simu mkononi.