Mtani Aliyechukua Simu

Siku Kibwana alipoondoka hakuaga mtu. Alfajiri alilalamika kifua, na kabla ya adhuhuri ndugu zake walikuwa wakitafuta gari la kumpandisha Kinole, milimani, akazikwe kwao. Ofisini kwake Mafiga, chini mjini, simu ya mezani kwake iliita mpaka ikachoka.

Yasmin alikuwa mwenzake katika kitengo cha mtandao, na karibu kila alichojua alifundishwa na Kibwana. Kila meza ilikuwa na waya mmoja tu kutoka ukutani. Waya huo uliingia kwenye simu, na kompyuta ikanyonya mgongoni mwa simu kwa waya wa pili. Kwa hiyo kila poti, yaani tundu la swichi inayougawa mtandao, ilipangiwa njia mbili, ya sauti na ya kompyuta, ili anayepakua mafaili asimkatekate mwenzake anayezungumza.

"Sauti ni mgonjwa," Kibwana alizoea kusema. "Mpishe apite kwanza."

Wafanyakazi wote walipanda Kinole isipokuwa meneja, Laurenti. Alisema makao makuu wangeweza kupiga.

Msibani, kina mama wakiwa wamekaa mkekani, Upendo wa uhasibu alianza kazi yake. Upendo ni Mnyamwezi, na Mnyamwezi ni mtani wa Mluguru kama Kibwana. Penye kilio ana ruhusa ya kusema yale ambayo mwingine angefukuzwa kwayo. Alivaa viatu vya marehemu, akapita katikati ya watu akiburuza mguu wa kushoto kama mwenyewe alivyokuwa akiuburuza.

"Waluguru nyie, kaburi mmechimba kwenye mteremko. Usiku mtu wenu atateleza mpaka Msamvu kule mjini, mje kutuamsha tumtafute."

Mama yake Kibwana, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu asubuhi, alicheka huku machozi yakimtiririka. "Mpeni mkungu wa ndizi mlafi huyo, atuvulie viatu vya mwanangu."

Upendo alipewa ndizi, akavua viatu, akavipanga mlangoni kwa adabu. Hapo simu ya Yasmin ikatetema.

"Mtandao wote umekufa," Laurenti alisema. "Huyo mtu wenu alipanga poti vibaya. Shuka."

"Bosi, bado hatujazika."

"Yeye hana haraka tena. Mimi ninayo."

Yasmin hakushuka. Lakini maneno yale hayakumtoka: mtu hajafukiwa, tayari anasingiziwa.

Kesho yake, yeye na Upendo walipofika ofisini, kompyuta zilikuwa zimeduwaa na simu zote bubu. Mezani kwa Kibwana palikuwa patupu. Simu ya marehemu, Yasmin aliikuta chumbani kwa meneja, waya zake zote mbili zimechomekwa ukutani, kwenye matundu mawili ambayo chumba hicho pekee kilikuwa nayo. Kilichotoka swichini kwa tundu moja kilipita ndani ya simu, kikarudi swichini kwa tundu la pili, kikazunguka hivyo bila kikomo mpaka pasibaki kijia cha kitu kingine kupita. Swichi ile kuukuu haikuwa na kinga ya kuuzuia mzunguko kama huo.

Mkono wa simu ulikuwa umeganda mafuta ya kuku. Kibandiko chenye jina la Kibwana kilikuwa kimekwanguliwa nusu kwa ukucha. Yasmin alichomoa waya mmoja kwa ncha za vidole, kama anayetoa unywele kwenye mchuzi, na baada ya muda mfupi simu zikaanza kuita katika vyumba vya jirani.

"Umeona uchafu aliotuachia?" Laurenti alisema.

"Simu hii umeichukua lini, bosi?"

"Jana. Yangu inakoroma. Na usinitazame hivyo, binti. Mimi ni Mnyamwezi, mtani wake. Nina haki ya kuchukua."

Upendo alikuwa amesimama mlangoni. "Mtani huchukua mbele ya wafiwa, wakimwona, kisha akarudisha. Wewe umevizia watu wakiwa makaburini. Tafuta kabila jingine la kulisingizia."

Kabla hajajibiwa, simu ya Kibwana ikaita. Laurenti aliifungua kwa sauti ya wote. Alikuwa Erick, fundi mkuu wa makao makuu, akiuliza nini kilitokea.

"Kosa la marehemu," Laurenti alisema. "Mungu amrehemu, lakini poti alizivuruga."

"Yasmin yupo? Naomba nimsikie yeye."

Laurenti alimkazia macho, akatikisa kichwa polepole. Yasmin alijua kwamba atakalojibu ndilo neno la mwisho ambalo ofisi hii ingelisema juu ya Kibwana.

"Poti zilikuwa sawa," alisema. "Bwana Laurenti aliihamisha simu ya marehemu siku ya maziko, akachomeka waya zote mbili ukutani."

"Siku ya maziko?"

"Ndiyo. Watu wakiwa Kinole."

Erick alifunga mazungumzo. "Haya. Nimeelewa. Pole kwa msiba, dada."

"Ulikuwa utani tu," Laurenti alisema, akijifuta midomo kwa kiganja.

Laurenti bado ni meneja. Akiwa na shida ya mtandao humtuma Upendo, kwa kuwa na Yasmin hawazungumzi. Kitengo kina mtu mmoja, na poti zote sasa anazipanga Yasmin.