Rambirambi za Mtoto Aliye Hai

Habari kwamba mwanawe amekufa zilimfikia Suzana akiwa anamwogesha mwana huyohuyo kwenye beseni, nyuma ya nyumba yao kule Kasansa. Aliyezileta ni shemeji yake Kassiani, mdogo wa mumewe, ambaye ana kibanda cha kutengeneza simu Kibaoni. Alikuja na bodaboda mchana wa jua kali, na hata salamu hakuimaliza. Alimwambia shemeji yake afute mikono kwanza, kisha akampa simu.

Ilikuwa filamu ya dakika tatu. Suzana alijiona amekaa kwenye kigoda mbele ya zahanati, amejifunga kitenge chake cha kanisani, anazungumza. Chini ya picha yalipita maandishi ya Kizungu. Mwishoni alionekana ameinamisha uso, kimya, huku muziki wa huzuni unapigwa. Kassiani alikuwa ameyapeleka maandishi yale kwa mwalimu Antoni, anayefundisha Kiingereza sekondari, na mwalimu akamwandikia maana yake kwenye karatasi ya daftari. Kassiani akaisoma polepole. Ilisema Suzana alimpoteza mtoto wake wa pekee kwa sababu huduma ziko mbali. Ilisema mama mwingine asilie kama alivyolia yeye. Ilisema changia leo.

Wilbert, ambaye alikuwa anakaribia miaka mitatu, alikuwa amesimama ndani ya beseni na povu kichwani, anadai amwagiwe maji.

Suzana aliikumbuka siku ile vizuri. Ilikuwa Juni, mpunga umeshavunwa, na gari la shirika lilikuwa limekuja na wazungu wawili wenye kamera. Yeye alikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea, mmoja wa wale wanaozunguka nyumba kwa nyumba na kizibao cha bluu, wakipima mikono ya watoto kwa utepe ili kuwagundua wenye utapiamlo, na kuwahimiza wajawazito wasikae nyumbani mpaka uchungu uwakute. Innocent, afisa wa shirika katika ofisi ya Mpanda, alimwomba awasimulie wageni kilichomfanya aingie kazi hii. Akawasimulia. Wilbert akiwa na miezi saba malaria ilimkausha damu, wakampakia kwenye pikipiki hadi kituo cha afya, baba yake akatoa damu, na mtoto akapona. Ilikuwa hadithi ya furaha. Ndiyo maana aliisimulia bila kujibana, na alipofika kwenye ile safari ya pikipiki alisema kama mtu yeyote wa huku angesema: mtoto alikuwa ameshakwisha mikononi mwangu.

Hapo ndipo filamu ilipomkata. Ya damu na ya kupona hayakuwemo. Alikumbuka pia kwamba Wilbert alipelekwa kwa jirani siku ile kwa sababu, walisema, anapiga kelele. Na kwamba baada ya mazungumzo aliombwa akae kimya kidogo, atazame chini, ili wapate picha ya kutulia.

Jioni ile mama mkwe wake, mzee Getrude, aliisikia habari yote na hakupandisha sauti. Alimchukua mjukuu, akamkalisha mapajani, akamwambia Suzana kwamba yeye amezika watoto wanne na hakuna hata mmoja ambaye alimtamkia kifo kabla hakijaja. Kuanzia siku hiyo alimlaza Wilbert chumbani kwake.

Mumewe Ubaldo aliuliza swali moja tu. “Uliwaambia nini?”

“Niliwaambia amepona. Niliwaambia umetoa damu.”

“Damu yangu imo ndani ya huyu mtoto,” alisema Ubaldo. “Sasa huko Ulaya ni kama niliimwaga kwa maiti.” Akatoka, na tangu siku hiyo akawa anakula kwa mama yake.

Kijiji nacho hakikukawia. Filamu ilihama kutoka simu hadi simu, na ikaanza kusemwa kwamba Suzana amekula rambirambi za mtoto aliye hai. Watu walitaja pikipiki ambayo eti aliinunua na kuificha kijiji cha Mamba. Alichopewa siku ile kilikuwa miche miwili ya sabuni na soda. Lakini lililomchoma zaidi ni nyumba ya tatu aliyoingia Jumatatu iliyofuata, ambako alitoa utepe wake ampime mtoto mkono, na mama wa mtoto akamvuta mwanawe nyuma.

“Usimguse wangu,” alisema yule mama. “Mikono yako inatangaza vifo.”

Oktoba alipanda basi la asubuhi kwenda Mpanda, Wilbert magotini. Mtoto alifurahia viboko wa mtoni pale Sitalike, akawaonyesha kwa kidole, na abiria wote wakacheka isipokuwa mama yake.

Innocent aliwapokea kwa uchangamfu, akaagiza soda. Suzana hakuigusa. Alimsimamisha Wilbert juu ya meza ya ofisi, katikati ya makaratasi, viatu na vumbi lake.

“Huyu ndiye mliyemuua,” alisema.

Innocent akacheka kidogo, akaacha. Alieleza kwamba ni makosa ya tafsiri. Neno kukwisha, alisema, lina maana nyingi, na wale wa makao makuu walilichukua lilivyo.

“Nani aliwatafsiria?”

Innocent akaanza kupanga makaratasi. Suzana alimkumbusha kwamba wamezaliwa tarafa moja, kwamba mama yake Innocent anauza dagaa Kibaoni na anaposema amekwisha kwa uchovu hakuna anayekwenda kuchimba kaburi. Hapo Innocent alivuta kiti karibu, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwonea huruma. Alikiri kwamba kosa alilijua tangu Julai. Aliandika barua pepe. Lakini filamu ilikuwa imeshatoka, na haijapata kutokea filamu ya shirika iliyochangiwa na watu wengi kama hiyo. Bati za nyumba ya wajawazito pale Kasansa zinatoka huko. Ikiondolewa, bati hazipo. Kisha akasukuma karatasi mbele yake, ya kuthibitisha kwamba alikubali kurekodiwa na kutumiwa kwa simulizi yake, akaweka kalamu juu.

“Wewe ni mhudumu wa jamii, dada Suzana. Fikiria jamii.”

Suzana alimteremsha mtoto mezani. Hakusaini. Alipofika mlangoni alimwambia Innocent kwamba siku wageni watakapokuja kuiona nyumba hiyo, yeye na Wilbert watakuwepo.

Nyumba yenyewe ilikuwa jasho la kikundi cha akina mama wa Kasansa. Walikuwa wamefyatua matofali na kuyachoma wenyewe, wamebeba mchanga kwa ndoo kichwani, wamewalipa mafundi kwa mpunga. Ilikusudiwa wajawazito wa vitongoji vya mbali waje kukaa hapo wiki za mwisho, karibu na zahanati. Kuta zilikuwa zimefika juu, zinangoja bati za shirika.

Mwenyekiti wa kikundi alikuwa Matilda, mwanamke mkavu wa maneno, na kazi ile alikuwa ameibeba mgongoni kuliko yeyote. Aliposikia Suzana amekwenda Mpanda alimfuata shambani.

“Bati kwanza,” alisema. “Zikishapigwa misumari, utasema lolote utakalo.”

Suzana alimwuliza angesemaje kama ni mtoto wake.

“Wangu amekufa kweli,” alisema Matilda. “Wewe unajua. Binti yangu Lucia alifia kwenye mkokoteni, kichwa cha mtoto kimeshaonekana. Wale wa kamera niliwaeleza yote, nikawapeleka hadi kaburini. Innocent akaniambia nimezeeka, silii vizuri, wageni wanapenda mama kijana. Mimi nina kaburi la kweli na hawakulitaka. Wewe umepewa la uongo, na bado unalalamika. Likileta bati, liache lilete.”

Suzana alitamani angalau kumpa pole, lakini Matilda alikuwa ameshageuka, anakanyaga mabua kuelekea kwake. Tangu hapo kikundi kizima kiliacha kumsalimia.

Wageni walikuja wiki ya kwanza ya Novemba, mawingu yakiwa yameshaanza kujikusanya. Walikuwa sita, wakiongozwa na mama mmoja wa makamo mwenye kofia pana, ambaye Innocent alimtambulisha kuwa ndiye mkuu wa uchangishaji. Kina mama waliimba. Mtendaji wa kijiji alihutubia. Ubaldo alikuwa amesimama nyuma kabisa, mikono kifuani, na Suzana hakujua amekuja kumzuia au kumtazama.

Zamu ya shukrani ilipofika alisimama bila kuitwa, Wilbert ubavuni. Alisema kwa Kiswahili, taratibu, kwamba mtoto wanayemlilia ni huyu, hajawahi kufa, na kwamba anataka filamu ile iondolewe. Innocent alitafsiri. Alipomaliza, wageni wote walitabasamu na kupiga makofi, na yule mama wa kofia akaweka mkono kifuani kwa heshima. Suzana akatambua kwamba Innocent hakuyafikisha maneno yake.

Kelele zilianza nyuma yake. Matilda alimwambia akae. Mwingine akamvuta kitenge. Suzana alitoa simu ya Kassiani, aliyokuwa ameazima kwa ajili ya siku hiyo, akaiwasha filamu, akapita katikati ya viti hadi kwa yule mgeni. Alimwonyesha uso wake kwenye kioo, kisha akajigusa kifua. Alimwonyesha maandishi pale ambapo, kwa karatasi ya mwalimu Antoni, yanasema kupoteza. Kisha akamnyanyua Wilbert na kumweka mbele yake, akamwambia ataje jina lake.

“Wilbert Ubaldo,” alisema mtoto, akavuta kofia ya mgeni.

Yule mama hakucheka. Alitazama simu, akamtazama mtoto, akarudi kwenye simu. Alimwuliza Innocent jambo kwa sauti fupi, na Innocent akaanza kujibu kwa maelezo marefu, na kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa mgeni ulivyozidi kubadilika. Waliondoka kabla ya chakula. Wali wa watu hamsini ulibaki kwenye masufuria.

Filamu iliondolewa wiki ileile, ingawa kwenye simu za watu imebaki mpaka leo. Innocent alihamishwa. Suzana aliletewa barua ya Kizungu yenye mhuri, ambayo mwalimu Antoni alimsomea: walisikitika, na miradi yote ya eneo hilo ilisimamishwa mpaka uchunguzi ukamilike. Bati hazikuja. Mvua za Desemba zilipiga kuta zilizo wazi, udongo wa kuungia ukatoka, na Januari ukuta wa upande wa magharibi ukalala chini. Matilda alikwenda kuokota matofali yake moja moja kwenye matope. Suzana alipojaribu kumsaidia, alimwambia arudi nyumbani akamtunze mtoto wake aliye hai.

Nyumbani angalau kulitulia. Mzee Getrude alimrudisha Wilbert kwa mama yake; usiku mmoja tu Suzana akamkuta mtoto amelazwa kitandani kwao. Ubaldo alianza tena kula kwa mkewe. Hakuomba radhi wala hakulaumu, ila kizibao cha bluu kilipochanika kwapani alikishona mwenyewe. Suzana aliendelea kuzunguka. Baadhi ya milango ilifungwa akikaribia, mingine ikafunguliwa nusu, naye akapima mikono ya watoto waliomruhusu.

Baada ya mavuno kikundi kilikusanya mpunga kikauza, kikanunua bati za kuezeka chumba kimoja. Suzana alipeleka gunia lake kama wengine, akaliacha mlangoni, na hakuna aliyelirudisha. Julai mjamzito wa kwanza alifika, msichana wa Kisukuma kutoka machungani, na ikabidi zipangwe zamu za kumtekea maji.

Matilda alisoma majina yote pale uwanjani. Alipofika kwa Suzana hakumtazama.

“Wewe ni Alhamisi,” alisema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu Januari. Alhamisi Suzana alipeleka ndoo nne, akaziweka chini ya dirisha, na Matilda, aliyekuwa anafagia ndani, aliendelea kufagia.