Mstari Mwekundu wa Jagini

Neno la mwisho la baba lilikuwa sahihisho. Jamaa mmoja alikuja kutupa pole baada ya mazishi ya mama, akasema, "Msiba hii imetuumiza sote." Baba akamkazia macho. "Msiba huu umetuumiza." Kisha akafunga mdomo, na kwa wiki tatu hakuufungua tena, ila kwa mkate uliolowekwa kwenye kahawa. Alikuwa msahihishaji gazetini kwa miaka thelathini na minne. Hata kadi yangu ya kumtakia heri alinirudishia ikiwa na wino mwekundu.

Asubuhi moja, wiki ya tatu ikiisha, mashine ya kahawa ikagoma. Ilikoroma, ikatoa matone mawili, basi. Nikachemsha kahawa kwenye sufuria. Baba akainusa, akageuzia uso ukutani. Na muuguzi aliyekuja kumpima mapema alikuwa amekwisha kunionya: "Dada, asipotia kitu tumboni leo, kesho tunamlaza. Na alivyodhoofu, sikufichi, sijui kama atarudi."

Mashine ilikuwa ya mama. Mimi nilijua kunywa tu, kuisafisha sikuwahi kujisumbua, na hilo linanikera hadi leo. Hata ule mstari mwekundu kwenye jagi lake la kioo aliuchora yeye, kwa rangi yake ya kucha, siku waliponuniana na baba kwa sababu ya kahawa nyepesi. "Maji mwisho hapa, Bwana Wino," alimwambia, "na usinisumbue tena."

Nikajaza tangi siki na maji, nusu kwa nusu, nikawasha. Wapi! Nikachokoa tundu kwa pini, nikiilaani chokaa iliyoganda mle ndani. Vipande vyeupe vikadondoka. "Twende basi, tafadhali, usiniangushe," nikaiambia mashine, mtu mzima na akili zangu. Maji yakapita, kwanza machafu, kisha safi. Nikapitisha maji matupu mara tatu ili siki iishe. Jagi nalo nikalisugua kwa waya wa sufuria, ndani na nje, likang'aa. Waya ukabaki na chembe nyekundu. Kwa haraka niliyokuwa nayo nikadhani ni kutu.

Kahawa ikatoka, jikoni kote kukanukia. Baba akainua kichwa. Nilitaka kulia kwa furaha. Nikamwekea kikombe na mkate, jagi pembeni, kama mama alivyozoea.

Hakugusa kikombe. Alilivuta jagi, akalizungusha taratibu, akapitisha kidole gumba kwenye kioo, chini kidogo ya mpini. Akapitisha tena. Hapo ndipo nilipouelewa ule wekundu wa kwenye waya: rangi ya kucha ya mama.

"Umemfuta," akasema.

Kwa mstari husemi "umemfuta". Hakuna aliyelijua hilo vizuri kuliko yeye.

"Sema umeufuta, baba," nikamsihi, nimepiga magoti kando ya kiti chake. "Mstari. Umeufuta. Jisahihishe, baba, nakuomba."

Akakisukuma kikombe kikiwa kimejaa, akageukia ukuta.