Kicheko cha Mtangazaji Msaidizi

"Uongozi wa redio unawatangazia wafanyakazi wote kwamba, kuanzia leo, ni marufuku kuingia studio na vikombe vya chai." Mtangazaji msaidizi alilisoma tangazo hilo mlangoni, akaingia kazini. Kwa miaka sita kazi yake ilikuwa kumchekea mtangazaji mkuu na kuitikia "ehee" kila bwana huyo alipovuta pumzi.

Asubuhi hiyo alipiga simu mwanamke aliyevunjwa mkono na mumewe.

"Pole, mama," alisema mkuu. "Kwani uliunguza mboga?"

Akamgeukia msaidizi, akingoja kicheko. Hakukipata.

"Dada, mumeo yuko wapi sasa hivi?" aliuliza msaidizi.

"Yuko mlangoni, ana..."

"Eh, bibie, leo umekuwa polisi!" alidakia mkuu, akafungulia muziki. Simu ikakatika. Msaidizi aliipiga namba ile mara tisa bila kupokelewa.

Mchana kamati ya uongozi wa redio ilikaa kujadili kicheko kilichokosekana. Msaidizi aliomba jambo moja tu, mwanamke yule atafutwe. Wajumbe, mabingwa wa kufunika kombe mwanaharamu apite, walimsikiliza kwa adabu. Kisha wakaamua kwamba kicheko chake kirekodiwe mapema, na fundi mitambo akirushe hewani kila kitakapohitajika.