Ushauri wa Tuda Kuhusu Nge

Mwalimu Siham hakuwa mkali, ila neno legelege lilimkera kama jiwe kwenye dengu. Alihamia kijijini kutoka mjini Agadir wakati wa mavuno ya tende, na tangu hapo darasa la sita halikupata raha. Ukiandika "kuwa mwangalifu," atakuuliza uangalifu huo unafanywaje, kwa mikono au kwa miguu. Sasa joto lilikuwa limeanza, nge wanatoka maweni, naye alitaka kila mtoto aandike ushauri wa kuwasomea akina mama uwanjani kabla shule haijafungwa.

Tuda alisimama akasoma wake. "Jihadharini na nge. Mtu akiumwa, asaidiwe haraka."

"Haraka ya nani?" mwalimu akauliza.

"Haraka ya babu yangu ni baada ya glasi tatu za chai," alisema Bihi, na darasa likaangua kicheko.

"Umesikia? Haraka ya huyo itazika mtu. Anayekusikiliza anatetemeka, Tuda. Mwambie aanze na nini, kisha nini. Halafu mwambie asifanye nini. Watu wa hapa hufanya nini mtoto akiumwa?"

Kicheko kikakatika. Bihi, ambaye hata msibani hakosi la kusema, akaanza kuchonga penseli iliyokwisha kuchongoka. Mwalimu alikuwa mgeni, hakujua. Wenyeji wote walijua.

Kiangazi kilichopita Yidir, mdogo wake Tuda, aliumwa na nge jioni. Mama yao hakuwa na kauli mbele ya mkwewe, na mkwewe, Bibi Ijja, alifanya alivyofundishwa na mama yake: akaukaza mguu kwa kitambaa, akauchanja kwa wembe, akapaka kitunguu saumu, akasema wangoje kukuche. Wengi walipona hivyo. Yidir hakupona. Baba yao, aliyekuwa kazini mjini, aliwakuta hospitalini asubuhi, na daktari akamwambia kwamba mtoto angeletwa usiku ule ule, angeishi.

"Mama yangu asilisikie hili," baba aliwaonya mkewe na Tuda. Lakini siri ya watu watatu si siri. Ilizagaa, ila kila aliyeisikia aliifikisha popote isipokuwa kwa Bibi Ijja. Yeye aliambiwa siku za mtoto zilikuwa zimeisha, na kwa neno hilo aliweza kula na kulala.

Basi Tuda akaandika upya, akapanga kila hatua mahali pake, na mwisho akaweka: "Msifanye mambo yasiyofaa." Mwalimu akayazungushia mstari maneno hayo.

"Mambo gani?"

"Watajua wenyewe, mwalimu."

"Wangejua wasingehitaji ushauri wako, mama."

Tuda alimchukia siku ile, na kilichomuuma zaidi ni kwamba mwalimu alikuwa sahihi. Hata hivyo hakuyabadilisha maneno yale.

Siku ya kusoma, wanawake walikaa kwenye mikeka kivulini mwa ukuta. Bibi Ijja aliwahi mbele. "Huyo ni wa kwangu," alimwambia jirani, ingawa jirani alimjua Tuda tangu akiwa na nepi.

Tuda akasoma kwa sauti. Mlaze aliyeumwa, mtulize. Gonga mlango wa mwenye gari wa karibu. Mpeleke hospitali papo hapo, hata kama ni usiku, hata kama anaonekana mzima. Msifanye mambo yasiyofaa.

"Mambo gani hayo, binti?" aliuliza Zahra, aliyehamia pale na mumewe juzi juzi, hana habari ya lolote. Mwanawe ndiyo kwanza anajifunza kutambaa. Alikuwa amefika ukutani, mkono kaupenyeza katikati ya mawe, na Zahra alimvuta mguu kumrudisha.

Tuda aliutazama mguu ule. Akajua kwamba akinyamaza atamlinda bibi yake kwa kuuhatarisha uhai wa mtoto wa mwenziwe.

"Msimfunge mguu," alisema. "Msimchanje. Msingoje kukuche."

Zahra aliyarudia maneno hayo kimya kimya ili ayashike. Wanawake wengine waliinamisha macho, hakuna aliyethubutu kumtazama Bibi Ijja, na kwa kule kutotazamwa Bibi Ijja akaelewa.

Nyumbani alikaa kizingitini bila kuvua viatu vyake vya kutokea. Tuda akaketi kando yake.

"Umesoma vizuri," bibi alisema. Kisha akauliza, "Yidir angepona?"

Jibu lilikuwa fupi, na Tuda alikuwa nalo.

"Pengine, bibi."

"Usinifiche, mjukuu wangu. Niambie kama ulivyowaambia wale."

Tuda alimshika bibi mkono akalia kwa sauti, na kilio hicho kilitosha kuwa jibu.

Bibi Ijja hakulia. Aliinama akavua viatu.

"Usiku ule alikuwa amepata usingizi kidogo," alisema. "Nikaona si vizuri kumwamsha."