Notisi ya Nyumba ya Mama

Ubao wa kwanza uling'oka kwa kilio, kama jino la mtu mzima. Jantine akauweka kando, akachomeka mtaimbo chini ya wa pili. Marehemu baba yake ndiye aliyezipigilia mbao zile, akitambaa kwa magoti sebule nzima. Leo binti alitambaa vilevile kuzing'oa. Nyumba ya chama cha nyumba za kupanga hurudishwa uchi: bila sakafu aliyoiweka mpangaji, bila pazia, bila msumari.

Mama Gesina alipoanguka na daktari akatikisa kichwa, Jantine hakungoja. Aliandika notisi ya mwezi mmoja ya kuirudisha nyumba, mama akatia saini kitandani, bila miwani. Mwenye akili hupanga mapema, Jantine alijiambia. Lakini mama alikataa kufa, kisha akakataa hata kulala. Huko makao ya wazee alikohamishiwa, alikuwa akisukuma kigari chake cha kutembelea ukumbini, akiuliza lini atarudi kwake. Jantine akamwambia nyumba inapakwa rangi.

Bwana Wubbels, mkaguzi wa chama, aliingia akipapasa kuta.

"Nifutie ile notisi, Bwana Wubbels. Nakuomba."

"Nifute kwa kitambaa gani, dada? Tungekuwa sisi tunaomtoa, mngetuburuta mahakamani hata mwaka. Mpangaji akisema mwenyewe naondoka, mwezi unatosha. Na mpangaji mwingine keshapewa nyumba."

"Ni mimi niliyeandika."

"Saini ni ya nani?"

Jantine akainama. Haraka yake aliiita busara. Sasa aliona kwamba alimzika mama kwanza, akangoja maiti ifuate.

Teksi ikasimama nje.

"Nimewatoroka!" Mama Gesina alicheka mlangoni, kigari mbele. "Bandika kahawa, Jantine. Wale wenzangu wanakunywa maji ya kuoshea vikombe, wanashukuru!"

Magurudumu yakagusa saruji, yakakwaruza. Mama akatazama sakafu, dirisha lisilo na pazia, mbao zilizopangwa ukutani.

"Nani kafa?"

Bwana Wubbels alikohoa, akanyoosha kiganja. "Funguo, tafadhali. Zote."

Jantine akatoa ufunguo wake. Mama akaingiza mkono kifuani polepole, akavuta kamba, akauvua ufunguo shingoni. Alikipita kile kiganja kilichonyooshwa kama hakukiona, akautia ufunguo, ungali na joto la mwili, mkononi mwa binti yake.

"Mpe wewe," alisema. "Wewe ndiye mwenye haraka."